Mkono Kiunoni

Tangu Jumanne ile Bernadette Hudak hakuwa na kituo. Anachemsha kahawa, anaisahau, inapoa, anaimwaga na kuchemsha nyingine. Anakaa, anasimama, anazunguka jikoni akitafuta funguo alizozishika mkononi. Dada yake alimpigia simu kumuuliza kama ataleta kabichi za kujaza nyama siku ya Jumapili. Akajibu ndiyo, kisha hapana, kisha akauliza swali lilikuwa nini.

Bernadette ana miaka hamsini na tisa, na ishirini na sita kati ya hiyo ameitumia kupeleka barua hapa Harlow Run. Mji wetu umejengwa ubavuni mwa mlima, juu ya mto na kiwanda cha chuma kilichokwisha kufa, na waliojenga nyumba zake nadhani hawakuwa na magoti. Kila nyumba ina ngazi zake za saruji kutoka barabarani hadi barazani. Bernadette amezipanda zote, kwenye theluji na kwenye jua, na mbwa wa njia yake anawajua kuliko anavyowajua wenye mbwa. Kushoto mwa mkanda wake hukaa kopo la dawa ya pilipili alilopewa na ofisi. Kopo hilo halijafunguliwa hata siku moja. Kulia hukaa kifuko cha biskuti za mbwa, anazozinunua mwenyewe.

Nyumba yenye ngazi nyingi kuliko zote ni ya mzee Casimir Dombek. Ana miaka themanini na moja, mkewe ametangulia, na arobaini ya umri wake aliiacha kwenye tanuri la kile kiwanda. Aliishi na mbwa mmoja mkubwa, mweupe wa kimanjano, jina lake Haluski. Haluski ni tambi na kabichi za kukaanga kwa siagi. Siku mbwa huyo alipoletwa nyumbani alikomba sufuria nzima ya chakula hicho, akalala chini ya meza na tambi puani. Jina likawa limepatikana.

Sasa, miaka mitatu nyuma, goti la kulia la Bernadette lilianza kulia. Daktari akamwambia gegedu limelika. Ngazi za Dombek ni thelathini na saba. Suluhisho lilikuwa rahisi, kisanduku cha barua kishushwe kiwekwe chini, kando ya barabara. Lakini ofisi inataka sababu, na goti la mpeleka barua si sababu. Mbwa mkali ni sababu. Basi siku moja wakaketi barazani, Bernadette na mzee, kadi ya njano ya posta ya kuandikia tahadhari za mbwa mapajani, Haluski kawaangukia miguuni anakoroma.

"Andika amekung'ata," mzee akasema.

"Amenilamba tu, mzee."

"Basi andika amekulamba kwa ukali."

Walicheka hadi mzee akapaliwa. Bernadette akaandika: *Mbwa mkali. Hushambulia.* Akatia sahihi. Na ili mkuu wa posta, Bwana Pruitt, aamini akipita na gari lake, mzee akanunua kibao chekundu, MBWA MKALI, akakitundika chini penye ngazi ya kwanza. Haluski alishuka, akakinusa, akainua mguu akakojolea nguzo yake.

Tangu siku hiyo Bernadette hakupanda tena. Mbwa ndiye aliyeshuka. Yeye alisimama chini na barua zake, akiweka mkono kiunoni kufungua kifuko, na Haluski akiuona tu mkono ule hushuka ngazi zote thelathini na saba kwa mbio, masikio yanampiga usoni. Kuna siku alishindwa breki akapitiliza hadi barabarani. Miaka mitatu, siku sita kwa wiki.

Jumanne ile Bernadette alikuwa na mapumziko. Mzee Dombek alikuwa ameinama kwenye sinki akimenya viazi, na kile kidude cha kuita msaada anachovaa shingoni kikabanwa kwenye ukingo. Watu wa kidude wakapiga simu, mzee hasikii vizuri, hakupokea. Wakaita polisi wakamwangalie. Akaja afisa Corey Lasko, kijana wa miaka ishirini na minne, wa hapa hapa mjini. Alipita kwenye kibao, akaanza kupanda. Mzee alisikia milio miwili akadhani ni gari. Alipotoka nje na kisu cha viazi mkononi, Haluski alikuwa amelala kwenye ngazi ya tatu kutoka chini, na kijana Lasko amesimama barabarani, anaomba samahani kwenye redio yake ya polisi.

Alhamisi gazeti likachapisha maelezo ya afisa. Bernadette aliyasoma kazini, amesimama mbele ya vijumba vya kupangia barua. *Nilipofika ngazi ya tatu mbwa alitoka juu barazani, akaanza kushuka. Niliweka mkono kiunoni nikitumaini ataogopa na kurudi. Badala yake aliongeza mbio, akanijia.*

Alisoma mara moja. Hakuhitaji ya pili. Shati la buluu kama lake, mkanda, mkono wa kulia kiunoni. Mji mzima uliisoma sentensi ile na kuuliza mbwa gani huyo aongeze mbio akitishwa, ama yule polisi ni mwongo. Mtu mmoja tu alijua kwamba polisi hakusema uongo na mbwa hakuwa mkali. Kikulacho ki nguoni mwako, na cha Bernadette kilikuwa kwenye kifuko cha mkanda. Alikifungua kifuko, akamwaga biskuti zote kwenye pipa la taka, akatoka kwenda kuanza njia yake akiwa ameziacha barua za mtaa mzima.

Mji ulichemka. Picha ya Haluski amevalishwa kofia ya Krismasi ilizunguka nchi nzima. Mbele ya kituo cha polisi waandamanaji wakaandika barabarani kwa rangi nyekundu majina ya kila mbwa aliyepigwa risasi na polisi jimboni, na orodha ilifika kwenye mataa ya barabarani. Watu waliotoka mbali waliacha biskuti, mipira na mishumaa kwenye ngazi za mzee hadi hapakuwa na pa kukanyaga. Wewe unayesoma pengine unacheka, mbwa kaletewa rambirambi? Cheka. Mimi nilicheka mwaka wangu wa kwanza hapa, kisha nikakaa na watu hawa, nikaona mzee asiye na mtu mwingine wa kumwambia habari za asubuhi anamwambia mbwa.

Na zile rambirambi zilizokuja kwa posta, aliyezibeba ni nani? Bernadette. Magunia matatu. Na nyumba ya mama yake Lasko nayo iko kwenye njia yake, kwa hiyo alibeba pia bahasha zisizo na jina la mtumaji, zilizoandikwa kwa kalamu iliyokandamizwa hadi karatasi kutoboka. Mama yake Lasko alizipokea mlangoni bila kusema neno. Zamani hakuwa akimwachia Bernadette aondoke bila kipande cha keki.

Odessa Tibbs, anayepanga barua kwenye meza ya jirani, alikuwa amemtazama siku nne.

"Shoga, una nini? Barua ya padri umeitia kwenye sanduku la baa."

"Nimechoka tu."

"Sote tumechoka. Mbwa kapata magunia matatu." Odessa alipiga gunia kwa kiganja. "Mpwa wangu Terrence alipopigwa risasi na polisi kule kaunti ya pili, tulipata kadi kumi na moja. Nne zilikuwa za shangazi mmoja."

"Najua, Odessa."

"Hujui. Lakini moja ilikuwa yako, kwa hiyo leo nakuachia. Sema."

Bernadette akasema. Kadi, kibao, goti, biskuti, mkono. Alisema haraka haraka huku akipanga bahasha, na zote zikaenda pasipo pake. Alipomaliza Odessa aliweka chini fungu la barua alilolishika.

"Miezi minane," akasema. "Imebaki miezi minane ustaafu. Kudanganya kwenye kadi ya serikali, Pruitt atakutupa nje mchana kweupe."

"Nisiposema?"

"Usiposema hakuna atakayejua." Odessa akarudi kwenye barua zake. "Terrence naye kuna mtu aliona kila kitu kutoka dirishani. Tunamjua. Mpaka leo akiulizwa, hajaona kitu."

Mchana ule mzee Dombek alimngoja chini kwenye kisanduku. Alikuwa amezishuka ngazi zote, na pumzi zake zilisikika. Alivaa koti la mazishi.

"Mama Barua," akasema, maana ndivyo alivyomwita tangu zamani, "Jumatatu kuna mkutano wa baraza. Mkuu wa polisi anataka Haluski aandikwe mbwa hatari. Akishaandikwa, kesi imekwisha, kijana yuko salama. Ile kadi yako wanayo."

Bernadette akamsogelea. "Mzee, nitawaambia."

"Hutawaambia kitu. Mbwa amekufa, hafufuki kwa wewe kufukuzwa kazi. Tulicheka wote wawili siku ile, mimi ndiye niliyenunua kibao." Akainama, akaokota mpira mmoja kati ya ile iliyoletwa na wageni, akauzungusha mkononi. "Ninachojiuliza ni kimoja tu. Alidhani yule mtu amekuja kuniua? Alikuwa ananitetea? Silali, mwanangu. Yule mbwa alikuwa anaogopa hata radi. Kama alishuka zile ngazi na hofu ile kwa ajili yangu, na mimi niko ndani namenya viazi..."

Jibu lilikuwa mdomoni mwa Bernadette, mdomo ukawa mzito. Alimpa barua zake, akaondoka, akatembea mitaa miwili kabla ya kukumbuka kwamba gari lake ameliacha pale pale. Nilimkasirikia nilipoisikia habari hii, nakiri. Halafu nikajiuliza ningefanya nini mimi, na hasira zikapungua.

Jumatatu ukumbi wa baraza ulifurika. Waandamanaji wa hapa mjini walikuja na mbwa wao, na mwenyekiti, mama mmoja mwenye duka la maua, alikataa mbwa wasiingie kwa dakika tano hivi. Wakabweka nje kwa pamoja hadi akasalimu amri. Basi mbwa kumi na wanne wakalala sakafuni kati ya viti vya kukunja, kamba zao zimefungwa kwenye miguu ya viti au mikononi mwa wenyewe. Lasko alisimama ukutani karibu na mlango, amevaa sare, uso umemshuka. Watu walipompita walimbwekea, watu wazima na akili zao. Bernadette alikuja moja kwa moja kutoka kazini, akakaa nyuma, akahama mbele, akarudi nyuma. Bwana Pruitt alikuwa safu ya pili.

Mkuu wa polisi, Wendell Groh, akasimama na karatasi ya njano.

"Mnatutukana wiki nzima," akasema. "Sawa. Lakini haya si maneno ya polisi. Ni ya mfanyakazi wa posta, ya miaka mitatu iliyopita. *Mbwa mkali. Hushambulia.* Na chini penye ngazi kuna kibao kinachosema hivyo hivyo. Afisa wangu angefanya nini kingine?"

Ukumbi ukazomea. Mwenyekiti akagonga meza. "Mzee Dombek, ni kweli?"

Mzee akainuka polepole, ameshika kiti cha mbele. "Kibao nilinunua mimi."

"Na hii kadi? Mbwa wako alimshambulia mpeleka barua?"

Bernadette akaiona shingo ya mzee ndani ya kola iliyompwaya.

"Kibao nilinunua mimi," mzee akarudia, akaketi.

Hapo ndipo alipokuwa amefika, yule mzee. Alikuwa tayari mbwa wake azikwe na jina baya kuliko kumtaja mtu. Bernadette alijikuta amesimama. Hakumbuki kuamua.

"Kadi niliandika mimi," akasema. "Ni uongo."

Pruitt akageuka na kiti chake.

"Goti langu ni bovu na ngazi zile ni thelathini na saba. Nilitaka kisanduku kishushwe, nikamsingizia mbwa. Haluski hakuwahi kunikwaruza hata kiatu. Mzee Dombek amenyamaza ili nisifukuzwe. Basi, nimesema."

Kelele zilizozuka hapo sina haja ya kuzieleza. Groh alingoja zipungue. Si mjinga yule bwana.

"Haya, Mama Hudak. Kadi ni uongo. Lakini afisa aliweka mkono kiunoni na mbwa akaongeza mbio. Hilo nalo uliliandika wewe?"

"Hapana," Bernadette akasema. "Hilo nilimfundisha."

"Ulimfundishaje?"

Alikusudia kueleza kwa mdomo. Alikuwa amepanga maneno, akavuta pumzi. Lakini mkono una mazoea yake. Miaka ishirini na sita ulikuwa ukienda mahali pamoja kila alipoona nyuso za mbwa zimemwelekea, na sasa ukaenda wenyewe, ukakaa kiunoni, upande wa kulia.

Mbwa kumi na wanne wakainuka.

Wote walikuwa wa njia yake. Kamba zikakazika, viti vikaburutwa, mama mmoja akaangusha kahawa yake. Tank, dume jeusi la fundi magari, mwenye kichwa cha ndama, alikata kamba akaja kwa mbio katikati ya ukumbi, meno nje, kucha zikiparaza sakafu. Watu walipiga mayowe. Pale mlangoni mkono wa Lasko ukaruka kiunoni.

Bernadette hakujongea. Tank akafika, akakaa kitako miguuni pake, akainua mdomo, akangoja.

Hapakuwa na biskuti. Alifungua kifuko kitupu akamwonyesha, na mbwa akakitia pua ndani, akatazama juu tena, bado ana matumaini.

Lasko alikuwa anautazama mkono wake mwenyewe. Akautoa kiunoni taratibu, akaushika kwa ule wa pili. "Alikuwa anakuja..." akasema.

"Alikuwa anakuja kuchukua biskuti yake, mwanangu," Bernadette akasema. "Aliona sare, akaona mkono. Lile kosa nimelitengeneza mimi, nyie wawili mkatumbukia humo. Lakini mwanangu, ungengoja kidogo. Sekunde mbili tu. Angekulamba."

Mwanamke mmoja mwenye fulana yenye picha ya Haluski akasimama juu ya kiti. "Basi wewe ndiye uliyemuua!" Wengine wakamwambia akae chini, wengine wakamuunga mkono, na mkutano ukavurugika. Hasira ya watu ilikuwa imebeba jiwe wiki nzima na sasa haikujua imrushie nani. Bernadette hakujitetea. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Yeye alikuwa anamtazama mzee Dombek, ambaye alikuja akishika kiti baada ya kiti hadi alipofika mbele yake.

"Kwa hiyo hakuogopa," mzee akasema.

"Hakuogopa, mzee. Alidhani ni mimi."

Mzee akaitikia kwa kichwa mara nyingi. Akampapasa Tank kichwani, akageuka, akatoka nje peke yake.

Baraza lilipiga kura usiandikwe ubaya wowote juu ya Haluski. Habari ya Lasko waliiahirisha, na mpaka leo ninapoandika bado wanaahirisha, na maandishi mekundu mbele ya kituo hayajafutwa. Pruitt alimpa Bernadette barua. Ijumaa iwe siku yake ya mwisho njiani mpaka uchunguzi uishe. Odessa aliisoma, akaikunja, akamrudishia. "Angalau wewe uliona," akasema, kisha akaenda kumletea kahawa, jambo ambalo hajawahi kulifanya kwa mtu yeyote pale ofisini.

Ijumaa Bernadette alifika kwa Dombek saa tano asubuhi na fungu la kadi za pole, maana bado zilikuwa zinakuja. Kibao hakipo. Kisanduku nacho hakipo, yamebaki matundu manne ya skrubu kwenye nguzo. Akatafuta kulia na kushoto. Kisha akainua macho.

Kisanduku kilikuwa juu, barazani, kimefungwa upya mahali pake pa zamani. Mipira na mishumaa ilikuwa imesogezwa pembeni, ngazi zimefagiliwa katikati, upana wa mtu mmoja.

Alisimama pale chini kwa muda, kisha akaanza kupanda. Ngazi ya tatu, alipoangukia Haluski, aliivuka bila kuikanyaga. Kuanzia ya kumi alishika ukingo kwa mikono miwili, kadi kazibana kwapani. Ya ishirini na mbili aliikalia, akalisugua goti, akatukana kwa Kislovakia cha bibi yake. Alipofika juu jasho lilikuwa limemlowesha shati.

Mzee Dombek alikuwa kwenye benchi la baraza na bisibisi mapajani.

"Umechelewa, Mama Barua."

"Dakika ngapi, mzee?"

"Miaka mitatu," mzee akasema, akasogea kumpa nafasi. Bernadette akaketi.